Utaiendesha Wewe Mwenyewe

Masalu alikuwa amechoka hata kabla hajapunguzwa kazi, lakini uchovu wa kuendesha Leyland, lori la Mwingereza, na uchovu wa kukaa kibarazani si mmoja. Ule wa kwanza humlaza mtu fofofo. Huu wa pili humwamsha alfajiri akiwa hana pa kwenda. Tangu soko huria liingie na wanunuzi binafsi waanze kuifuata pamba hadi kwa mkulima na Fuso zao, chama cha ushirika kilichomwajiri kilianza kuyumba, kisha kikalala kabisa. Malori yakaegeshwa nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, majani yakaota kati ya magurudumu, na madereva wakaambiwa wakasubiri nyumbani. Wakasubiri mpaka wakachoka hata kuulizana.

Nyumba yake ilikuwa Nyegezi, kando ya barabara itokayo Kigongo. Enzi za kazi, jioni akishavuka kwa kivuko na marobota ya pamba kutoka ng'ambo ya Busisi, aliufikia mteremko wa karibu na kwake akakanyaga klachi mara mbili ili kurudisha gia, maana gia za Mwingereza yule hazikutaka papara. Leyland ilinguruma kwa sauti nzito ambayo hakuna lori jingine lililokuwa nayo. Mkewe, Odeta, akiusikia tu mngurumo ule, hubandika maji ya ugali. Masalu akimaliza kuegesha na kunawa, ugali uko mezani ukitoa mvuke. Miaka yote hiyo hakuwahi kula ugali uliopoa, na wala hawakuwahi kukaa chini wakapanga jambo hilo. Majirani waliwatania kwamba saa ya nyumba ile imetengenezwa Uingereza.

Ndiyo Leyland hiyo iliyobeba tanki la mvuke la kiwanda, chuma kizima kama nyumba, siku ambayo abiria waligoma kupanda kivuko kimoja nalo. Nahodha alimuuliza kama ana hakika. Masalu akajibu kwamba yeye hana, ila gari linayo. Wakavuka wawili hao na gari lao, na ng'ambo watu wakashangilia. Alipenda kuisimulia habari hiyo, ingawa siku hizi aliikatisha katikati, maana wasikilizaji wenyewe walikuwa wameshaijua.

Basi asubuhi moja akaja Farouk, mfanyabiashara wa Nyamagana aliyeinunua Leyland ile mnadani. Alitoa shikamoo yake vizuri, akaketi, akaeleza kwamba mafundi wawili wameshindwa kuiwasha.

"Mzee wangu, iamshe," alisema. "Ikiwaka, utaiendesha wewe mwenyewe."

Masalu hakuuliza la zaidi. Dereva akishaambiwa ataendesha, aulize nini tena? Alikwenda kulala chini ya lori lile siku baada ya siku, akisafisha mabomba ya dizeli, akifungua pampu na kuifunga, mgongo ukimuuma kiasi kwamba jioni alitembea ameinama. Odeta alimsema sana kwa kujitesa uzeeni. Hata hivyo alilitoa sandukuni koti lake la kaki, akalipiga pasi.

Siku injini ilipowaka ilitoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha sauti ikatulia, ile ile. Masalu aliegemea mlango akalia. Alijiona kesho yuko Kigongo, kwenye foleni ya kivuko, akiitwa dereva.

Kesho yake alifika amevaa koti lake, akakuta mafundi wanaing'oa injini kwa minyororo.

Farouk alishangaa kumwona ameduwaa. "Mzee, bodi imekwisha, na matairi ya saizi hiyo nitayatoa wapi?" alisema. "Nafungua mashine ya kusaga hapo Nyegezi, jirani kabisa na kwako. Si nilikwambia utaiendesha wewe?"

Na kweli alimwambia. Hicho ndicho kilichomchosha Masalu kuliko mgongo: hakuwa na wa kumkasirikia. Kiswahili chetu nacho hakina huruma. Mtu anaendesha gari, anaendesha mashine, anaendesha hata kikao, neno ni hilo hilo. Alilivua koti, akalikunja, akasema ataanza watakapokuwa tayari. Angefanya nini?

Siku ya kwanza kina mama walipanga madebe yao ya mahindi hadi nje. Masalu alikaa kwenye stuli pembeni ya injini iliyofungwa kwenye zege, na mara kwa mara mguu wake wa kushoto ulinyooka kutafuta klachi. Leyland ilinguruma mchana kutwa bila kusogea hata shubiri. Jua lilipozama aliizima, akatembea kwenda nyumbani, mweupe kwa unga tangu kichwani hadi miguuni.

Odeta alikuwa ameketi mezani mbele ya sahani iliyofunikwa.

"Niliisikia mchana," alisema. "Mikono yangu ikabandika maji, hata sijui nilikuwa nawaza nini. Nikasonga, nikapakua. Nikawa nangoja ikaribie."

Masalu alinawa, akavuta kiti, akafunua sahani. Ugali ulikuwa umeshafanya ngozi juu. Akaumega, akaula wote.