Kwaya Nzima kwa Kipimo cha Mzee Wafula

Tangu Jumapili ile sijakanyaga kanisani kwetu Makongeni, na wa kulaumiwa ni ujuaji wangu. Kwaya ilitaka majoho mapya, nikajitolea kupiga hesabu za vipimo kwa kompyuta. Kwa heshima, aliyetangulia kwenye orodha alikuwa mwenyekiti wetu, Mzee Wafula, mrefu kama mlingoti. Kwenye jedwali, kisanduku cha urefu wake nikakipa jina, "urefu", ili fomula ya joho isomeke vizuri: urefu toa inchi kumi. Nikaiburuta fomula hadi chini kwa waimbaji wote ishirini na wanne, nikachapisha bila kuangalia.

Fundi wa kushona, Mama Achieng', alinipigia simu.

"Mwanangu, hawa watu wote wako sawa?"

"Kompyuta haikosei, mama. Wewe kata tu."

Jumamosi nikafungua faili tena. Majoho yote inchi sitini na nne, kutoka juu hadi chini ya orodha! Lile jina lilikuwa limemganda Mzee. Kila mstari ulisoma urefu wake yeye. Nikampigia fundi.

"Nilishamaliza, mwanangu. Yako kanisani."

Jumapili nilijibanza benchi la nyuma. Kwaya ikaingia. Dada Nekesa, mfupi kuliko wote, alikuwa amelikumbatia joho lake kama mtu anayevuka mto, na nyuma yake sauti ya kwanza nzima inakanyagana. Mzee Wafula, joho limemkaa sawasawa, akashika maikrofoni akitabasamu.

"Langu limenitosha kabisa. Aliyepiga hesabu ni nani? Asimame tumpigie makofi."