Nailoni ya Viti vya Baba

Juzi, nilipokwenda kuchukua gari langu jipya, muuzaji alinishauri niache nailoni kwenye viti ili ngozi isichafuke. Nikakumbuka alasiri moja ya Idi, tukirudi nyumbani Turffontein, ughaibuni tulikoishi, kutoka kwa jamaa zetu wa mtaa wa Mayfair.

Baba alikuwa na sedani ya kifahari yenye viti vya ngozi nyeupe, na hakuwahi kuviondolea nailoni ya kiwandani. Jua lilikuwa kali. Nailoni ilinuka kama ndoo mpya, ikalia kila nilipojisogeza, ikaning'ang'ania miguuni. Mimi niliamini gari ni la watu, tumeazima tu, kwa hiyo sikuthubutu kuegemea. Kumbe Baba alikuwa akilitunza aje kuingia nalo kwao Tanga likiwa jipya.

Tuliposimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, Mama akaanza kuichana nailoni ya kiti chake.

"Mama Zuhura, unafanya nini?"

"Tunaishi hapa, Baba Zuhura. Tanga watalikuta limekaliwa."

Roboti ikawaka kijani, Baba akaondoa gari. Harufu ya ngozi ikajaa gari zima, kama ya viatu vyangu vya Idi.

Basi juzi muuzaji nilimwambia aitoe nailoni yote, mbele yangu. Kisha nikaingia, nikaegemea.