Herufi za Kijivu

Fundi wa tovuti aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu atakayeitwa wakati wowote, na kila mara alifuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati. Sauti yake ilikuwa ya chini hata alipoudhika. Februari ile ya 2008, Akoth alipofika kwenye saiba ya fundi huyo, duka lake la intaneti mjini Nakuru, kumtafuta dada yake Valarie aliyepotea kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, fundi alimfungulia orodha ya watu waliohifadhiwa katika kambi mbalimbali, aliyoitengeneza kwa ajili ya kanisa. Herufi zilikuwa za kijivu hafifu juu ya rangi ya maziwa. Akoth aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Boss, hapa kumeandikwa kitu?"

"Ndiyo, mathe. Nikusomee?"

"Nataka kusoma mwenyewe."

Fundi hakujitetea. Alirudi nyuma hadi mlangoni, akaitazama kazi yake kutoka huko, macho ameyafinya. Kisha akaketi, na vidole vyake virefu vikageuza herufi zote kuwa nyeusi, juu ya nyeupe. Akoth akapitisha kidole jina kwa jina, midomo ikicheza, mpaka kidole kikasimama.

"Valarie," alisema. "Yuko Naivasha."

Fundi aliendelea kuitazama ile orodha ndefu.

"Imekaa vile, kijivu, wiki tatu," alisema kwa sauti yake ya chini.