Kanda Niliyotumwa Kuifuta

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Wala haikuwa sikukuu. Ijumaa ya kawaida tu, jua linawaka juu ya mabati ya kibanda changu pale Temeke mpaka unayasikia yanalia. Kaa nikusimulie, na usinikatize. Mie nikikatizwa sirudi nilipoishia.

Shule niliishia darasa la nne. Sioni haya kulisema. Nilikuja Dar kutoka Newala na shati moja, nikauza maji ya barafu, nikauza mitumba, na zilipofika zile enzi za ruksa, vitu vya nje vikaanza kuingia, nikanunua televisheni na deki kutoka kwa mabaharia. Nikasimamisha kibanda cha mbao, nikapanga mabenchi, nikaziba mianya kwa magunia ili mwanga usiingie. Nikawa mwenye video. Filamu za Kihindi, karate, vita, zote kwangu. Walioniita "we maji ya barafu" wakaanza kuniita braza. Wenzangu waliosoma walitafuta wa kuwaajiri, mie niliajiri. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Sawa, najisifu kidogo.

Mtaa mzima deki ilikuwa hiyo moja. Mtu akirekodiwa harusi yake, kanda inakaa kwangu, akitaka kuitazama anakuja. Ndivyo ilivyokaa kwangu kanda ya Saidi.

Saidi alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Athumani, kuli mstaafu wa bandarini, na mkewe Bi Siwema. Kijana mwenyewe alikuwa utingo wa lori, mcheshi, hana baya na mtu. Alipooa, baba yake alileta mpiga picha wa video kutoka mjini, jambo ambalo mtaani kwetu lilikuwa bado la kusimuliwa. Kazi ilipokwisha, yule mpiga picha alikivunja kile kimeno cha plastiki mgongoni mwa kanda, akanikabidhi. "Hiki kikishavunjika," akasema, "deki haikubali tena kurekodi juu yake. Harusi hii haifutiki."

Basi kila Ijumaa baada ya swala, kabla wateja hawajaja, Mzee Athumani alikuwa anaingia na wazee wenzake. "Rudisha nyuma!" anapiga kelele. "Rudisha, nimejiona!" Narudisha, na mzee kwenye kioo anatembea kinyumenyume, pilau linamtoka mdomoni linarudi sahanini, wazee wanacheka mpaka kofia zinaanguka.

Bi Siwema hakuja hata mara moja. Kibanda changu alikiita pango la mashetani. Nikimtania, "Mama, njoo umwone bwana harusi," ananijibu, "Nimemzaa mwenyewe, nikamtazame kwenye sanduku lako? Ana haraka gani, yupo. Iko siku nitakuja."

Likapinduka lori barabara ya Kilwa, Saidi akiwa juu ya mzigo.

Siku ya hitima, watu hawajamaliza hata kula, Mzee Athumani alikuja kibandani peke yake. Kanzu ilikuwa bado ina udongo kwenye pindo.

"Ile kanda ifute."

Nikamsogezea benchi, hakukaa.

"Sitaki mtoto wangu awe anacheka ndani ya sanduku na huku nimemweka udongoni kwa mikono yangu. Ifute leo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee."

Akaondoka. Mwanangu, mie nililelewa kwamba mkubwa akikutuma, mguu utangulie swali. Nikaona nafanya adabu. Lakini nisikudanganye, palikuwa na jingine. Rafiki yangu wa Kinondoni alikuwa ameleta deki yake na filamu mpya ya karate niinakili, anavitaka kabla ya magharibi, nami sikuwa na kanda tupu. Utiifu wangu siku ile ulikuwa na tamaa ndani yake, na hivyo viwili vikichanganyika havitengani tena, kama maziwa na maji. Nikachukua selotepu, nikaziba pale palipovunjwa kimeno. Deki ikakubali. Selotepu kipande, basi, harusi ikaanza kufutika. Sikugeuka hata kutazama.

Sasa ndiyo ile Ijumaa. Arobaini ilikuwa imekwisha kusomwa. Nafagia kibanda, nasikia hodi, naona Bi Siwema mlangoni na mumewe nyuma yake. Bi Siwema akavua ndala nje, kama anayeingia nyumba ya msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona Saidi. Baba yake ananiambia anacheka vizuri humo."

Nikamtazama Mzee Athumani. Naye akanisogelea kama anataka kuonyeshwa deki, akanishika mkono juu ya kiwiko, akanong'ona.

"Kijana. Siku ile nilikwambia kitu."

"Ndiyo, mzee."

"Nyie vijana wa siku hizi hamtii. Kila siku nalisema msikitini. Mkiambiwa hili, mnafanya lile." Akanibana mkono. "Niambie hukunisikia."

Nimetukanwa sana maishani, mwanangu, nimelala njaa, nimezika. Sijawahi kuombwa kitu kizito kama kile: mzee mzima anamwomba Mungu mie niwe mtovu wa adabu.

"Mnanong'ona nini?" akauliza Bi Siwema. "Washa basi."

Mwoga hufa mara nyingi. Badala ya kusema, niliwasha. Yakaja maandishi ya Kichina, akaja mtu anaruka ukuta.

"Siyo hii," akasema Bi Siwema.

"Umeipita," akasema mzee. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha mpaka deki ikagonga. Akaja mtu yule yule, ukuta ule ule.

"Rudisha tena, kijana. Iko nyuma."

"Imefika mwisho, mzee."

Mama alielewa kabla hajaambiwa. "Imefutwa?"

Nami hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nageukia ukutani. Nikasema, "Mzee ndiye aliyenituma." Kweli tupu. Lakini kweli nayo ina namna ya kutumika kama kisu.

Bi Siwema hakumgeukia mumewe. Alinitazama mie. "Aliyefiwa hatumi mtu, mwanangu. Wewe ulitumwa na msiba. Msiba hauna akili, kila mtu anajua. Wewe uliyekuwa nazo, siku hiyo ulizipeleka wapi?"

Nikakosa pa kuuweka uso. Kwa kutapatapa nikaipeleka kanda mbele, mpaka mwisho kabisa, maana harusi ilikuwa ndefu kidogo kuliko filamu. Kweli, kilibaki kipande cha kumalizia. Watu wananawa mikono. Masufuria matupu. Kuku anadonoa wali chini ya meza. Saidi hayumo. Kisha, pembeni, asikoonekana, sauti yake: "Baba, umekula? Baba!" Na chengachenga nyeupe zikajaa kioo.

Mabati tu yanalia.

"Mjibu mwanao," akasema Bi Siwema.

Mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso.

Mama yule akawa anakuja kila Ijumaa kusikiliza. Alikaa benchi la mbele, mikono mapajani, anatazama masufuria na kuku, anangoja yale maneno. Kanda ikisuguliwa pahala pamoja inachoka. Siku moja deki ikaila. Nikakata palipoliwa, nikaunga kwa selotepu ile ile niliyofutia; sauti ikatoka kama ya mtu aliye kisimani. Baadaye haikutoka. Bi Siwema akavaa ndala zake, akaniaga vizuri, hakurudi. Mzee Athumani hakunilaumu hata siku moja mpaka anaingia kaburini. Afadhali angenipiga.

Leo nina nyumba Goba, mlimani, nimeijenga mwenyewe. Zimekuja sidii, zimekwenda. Sasa ni flashi na simu. Deki yangu bado naifanyia usafi, inatembea, watu wanatoka mbali kuniletea kanda za zamani niwahamishie kwenye flashi. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la kanda ambazo waliofiwa waliniambia, "Mzee, tupa." Nawajibu nimetupa. Mwongo mie. Wengine hurudi baada ya miaka, wanasimama mlangoni, hawajui waanze vipi kuuliza. Nawaambia, "Sikukusikia siku ile, masikio yangu mabovu." Wengi hawarudi. Sanduku linakaa.

Na juzi hapa kijana mmoja katoka kumzika mama yake, kakaa barazani kwangu, anafuta picha za marehemu kwenye simu, moja moja, anasema zinamchoma. Nilimnyang'anya simu. Alinitukana tusi la nguoni, mie umri wa babu yake. Nikamwambia tukana, mwanangu, simu utaichukua baada ya arobaini.

Kwa hiyo shika hili, hata ukisahau mengine yote. Wakubwa watii, mti hauoti juu ya hewa. Lakini mtu akiwa ndani ya msiba au hasira akakutuma kuvunja, kuchoma, kufuta kitu kisichorudi, sema ndiyo, kisha kifiche. Usimbishie, usimhubirie. Maji yakimwagika hayazoleki, bali yaliyofichwa mtungini yapo tu, hata miaka. Akikuuliza kesho kwa ukali, mwambie hukumsikia. Akikuuliza kwa machozi, mtolee. Na ukiona utiifu wako una faida mfukoni mwako, hapo ndipo ukae chini kabisa, ufikiri. Na wewe uliyefiwa, usimtume mtu siku hiyo. Ulimi hauna mfupa, na vijana wana mbio.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na mzito wa kufuta. Awaweke wazazi wako mpaka uchoke kuwasikia wakikuita. Na siku atakayekutuma ni uchungu, akuzibe masikio, mwanangu, mpaka uchungu upoe. Amina.