Pembe Iliyomngoja Kapteni

Nakumbuka siku moja niliyosimama mlangoni kwa mjane mmoja kule Ahero, suruali nimeikunja hadi magotini, viatu nimevishika mkononi, na kichwani nina swali moja tu: timu yetu iliuawa na nini? Mwanangu, mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Nilipokuwa mdogo niliifungua saa ya baba nione kinachosema humo ndani, na mgongo wangu haujasahau jibu. Ndiyo maana wenzangu waliponiambia, "Timu imekufa, basi, tafuta kazi," mimi sikuweza kunyamaza.

Wewe umekua ukisikia wachezaji wakilipwa mamilioni, kwa hiyo hushangai. Sisi miaka ile, Uhuru ukiwa bado mchanga, hatukuwahi kuona mtu mzima akilipwa kwa kukimbiza mpira. Mwanamume wa Kisumu alibeba magunia bandarini, au alifanya kazi reli, au alivua samaki. Mpira ulikuwa wa jioni, baada ya kazi. Kisha tajiri mmoja mwenye duka la vitambaa akatukusanya, akasema kuanzia siku ile kazi yetu itakuwa mpira peke yake.

Beki wetu, aliyekuwa hamali, akainua mkono. "Na asubuhi tutafanya nini?"

"Mpira."

"Na mchana?"

"Mtalala, ndio mpate nguvu ya mpira."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mji mzima ulikuja kutushangaa. Mama mmoja muuza samaki alinisimamisha sokoni, akauchunguza mguu wangu wa kushoto kwa makini, akasema, "Hii ndiyo inalipwa mshahara? Mbona iko nyembamba hivi?" Mimi ndiye niliyekuwa kapteni, na huo mguu mwembamba ulikuwa umefunga mabao mengi. Timu ilikuwa na jina lake rasmi, lakini watu walituita Ngege, jina la yule samaki anayependwa na kila nyumba ya ziwani.

Sasa nikuambie habari za Mzee Okech. Huyu alikuwa mzee wa Ahero aliyefanya kazi bandarini, na alitufuata tangu tukicheza miguu mitupu. Alikuwa na pembe ndefu ya ng'ombe, oporo kwa lugha ya kwetu, na akiipuliza uwanjani hata refa alisahau filimbi yake. Tukishinda, alinipa niipulize. Mimi nilivimbisha mashavu, nikatoa mate tu, watu wakaangua kicheko. "Jifunze, kapteni," aliniambia. "Siku nikienda, wewe ndio utanipulizia hii kitu kwa kaburi." Nikacheka. Kijana hucheka kifo cha mzee kwa sababu anadhani mzee ataishi milele.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Msimu wa pili tulianza kujiona. Tulikuwa na kocha mgeni aliyependa neno moja, profeshono, yaani mchezaji wa kulipwa, na sisi tukalipenda kuliko yeye. Profeshono hali barabarani, profeshono hachezi na watoto mtaani, profeshono hakosi mazoezi. Mimi kapteni ndiye niliyelisema zaidi ya wote, maana cheo kilikuwa kimenikaa vizuri na sikutaka kukipoteza.

Kisha Mzee Okech akafariki. Mazishi yakapangwa Ijumaa, nyumbani kwake Ahero, na Jumamosi tulikuwa na mechi. Nilimwendea kocha. Sitamsingizia, mwanangu, hakunikataza. Aliniuliza tu, "Ni ndugu yako?"

Nikajibu, "Hapana. Ni shabiki tu."

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu. Kocha akainua mabega, nami nikarudi mazoezini. Wala sikuishia hapo. Kwa kuwa mvua zilikuwa zimenyesha na uwanda wa Kano, kwenye njia ya Ahero, ulikuwa umejaa maji kama kawaida yake, nilituma ujumbe kwa wafiwa kwamba timu ilitaka sana kuja, ila mafuriko yameifunga njia. Hata barabara yenyewe sikwenda kuitazama. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza.

Jumamosi uwanja ulijaa. Nilipoingia niliona jambo geni: wanaume wengi upande wetu walikuwa na matope makavu kwenye suruali, hadi magotini. Hawakuimba. Hawakutuzomea pia. Kipindi cha kwanza nilifunga bao, na nakuapia, nilisikia mpira ukigusa wavu. Sijawahi kusikia sauti hiyo kabla wala baadaye, kwa sababu uwanja wa mpira hauna ukimya wa namna hiyo. Tulishinda, tukatoka uwanjani kama watu waliofungwa.

Wiki iliyofuata walikuja nusu yao. Baadaye wakaja wachache zaidi. Kabla ya mvua nyingine tajiri aliivunja timu, jezi zikagawiwa shule, nami nikarudi bandarini kubeba magunia. Nikaanza kuuliza. Tajiri alisema watu wa Kisumu hawajui kushukuru. Kocha alisema uwanja ni mbaya. Beki wetu akasema, "Enda Ahero, kapteni. Uliza mama wa huko."

Ndivyo nilivyofika mlangoni kwa mjane wa Mzee Okech. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunawa na chakula, akangoja mpaka nilipomaliza kula. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini watu walituacha?"

"Ulipita wapi kuja hapa?" akaniuliza.

"Barabarani, mama. Kuna maji kidogo."

"Ile siku ilikuwa mingi. Ilifika hapa." Akagusa goti lake. "Wanaume wakabeba sanduku kwa mabega, wakapita. Wazee wakapita. Mimi nikapita, na miguu yangu unaiona. Sasa niambie, nyathina, mtoto wangu. Hiyo maji ilipitisha maiti, ikazuia nyinyi wenye mguu wa mshahara?"

Aliinuka, akaitoa pembe nyuma ya mlango. "Ujumbe wako tulipata, bado tukangoja wewe. Watu walisimama kwa kaburi mpaka jua likaenda, kwa sababu mzee alisema ni kapteni. Mwishowe tukamfunika kimya."

Mwanangu, nililia. Nililia mbele ya mama yule kama mtoto, wala sioni haya kukuambia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imefika mpaka kaburini.

Akanipeleka kwenye kaburi, akanipa pembe. Nikapuliza. Mate. Nikapuliza tena. "Midomo ya profeshono," mama akasema, akacheka kidogo, nami nikashukuru kwa kicheko hicho. "Endelea." Niliendelea mpaka mashavu yakauma, na mwishowe ikatoka sauti moja, nene, ikaenda mbali juu ya mashamba ya mpunga.

Mzee mmoja wa jirani akatoka mbio, kofia mkononi, macho yakimng'aa. "Ngege wanacheza leo?"

"Hapana, baba," nikamwambia. "Ngege wamekwisha."

Akaivaa kofia yake, akarudi taratibu.

Basi, nasaha yangu ni hii. Kazi ikikuinua, itazame vizuri uone inakutaka umwache nani, kisha usimwache. Ukishindwa kwenda msibani, sema umeshindwa; usiyasingizie maji ambayo wenzako wameyavuka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na siku ulimi wako utakapotaka kusema mtu fulani ni shabiki tu, au jirani tu, au mpishi tu, ushike kwanza, ujiulize ni nani aliyekupigia pembe ulipokuwa huna viatu. Mimi swali hilo nililiuliza nikiwa nimechelewa.

Mungu akupe kazi unayoipenda, mwanangu. Akupe miguu isiyochoka na ulimi usiodharau mtu. Na kila maji utakayolazimika kuyavuka, akupe watu wa kuyavuka pamoja nawe.