Hati ya Nyumba Iliyohamia Evere

Juzi, ndani ya basi la Evere, hapa Ubelgiji, Mtanzania mwenzangu alikuwa akiongea na dada yake, simu ikiwa kwenye spika.

"Kaka, mahakama imekuamuru urudishe hati ya nyumba ya baba. Msimamizi wa mirathi ni mimi, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichonichagua ulisaini mwenyewe. Ukikaidi, hakimu atakufunga."

"Mwambie aje anikamate Ubelgiji," akajibu, akipigapiga begi mapajani. "Hati ninayo hapa."

Wakaguzi wa tiketi wakapanda. Jamaa akakata simu, akasimama wima, akatoa tiketi kwa mikono miwili kabla hajaulizwa.

"Merci, monsieur," akamshukuru mkaguzi kwa Kifaransa.

Kumbe adabu anayo. Ila ya kuiheshimu mahakama ya kwetu kaiacha mpakani.