Kombe la Mama

Ndugu yangu mdogo alinipigia simu Nizwa, huku Omani, nikiwa kazini. "Kaka, Mama anataka mahar," akasema. "Leo kaniomba kwa mdomo wake." Mahar kwa Kiarabu ni makombe ya baharini, na ya kwetu yana gamba la mistari kama kipepeo cha kupepelea mkaa. Mama alikuwa mgonjwa, amelala nyumbani kwa ndugu yangu, mjini Ibra, na kwa siku nyingi hakutaka chakula chochote. Nikafurahi. Nikajiambia, maadamu anatamani kitu, bado tunaye.

Mimi na ndugu yangu ni wapiga mbizi wa Ijumaa. Hatuuzi. Tunakwenda Sur kwa starehe zetu, na miwani ya maji na mrija, tunakula tulichookota pale pale pwani. Lakini msimu ule bahari ilikuwa imekombwa. Kila mwenye miwani alishapita na gunia lake, akabeba makubwa pamoja na machanga, kisha wote wakakaa kulalamika kuwa hakuna kitu. Watu hao nawachukia mpaka leo.

Ijumaa ya kwanza tulizama mpaka masikio yakauma. Nilishika jabali kwa mkono mmoja, wa pili ukipapasa mchangani, na kila nilichotoa kilikuwa gamba tupu. Ndugu yangu akiibuka ananitania, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kaka, na hicho kitambi chako hakikubali!" Tukarudi mikono mitupu.

"Mmepata?" Mama akauliza.

"Bado, Mama. Msimu huu ni taabu, lakini tutapata."

"Msichoke, wanangu."

Ijumaa ya pili tulipata machache, ya kujaza viganja. Ndugu yangu ndiye aliyeyaona, chini ya jabali, akaibuka anapiga kelele kama kafunga goli. Tukayatia kwenye barafu, hatukusimama popote mpaka Ibra. Mkewe akayapika kwa thomu na ndimu, tukampelekea Mama kitandani.

Mama akaitazama sahani, kisha akatutazama sisi. "Haya nini?"

"Makombe, Mama," akasema ndugu yangu. "Si uliniambia wataka kombe?"

"Kombe la kunywa, mwanangu. La Kurani. Siku zote hizi nnawangoja, nikidhani mnanitafutia mwalimu wa kuniandikia."

 Kwetu Unguja kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikakoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Mimi ningelijua, maana nimenyweshwa utotoni. Lakini ndugu yangu kazaliwa huku, kombe analijua hilo moja la baharini, na mimi aliniletea neno lenyewe limeshakuwa Kiarabu.

"Eish, kaka? Nini?" akaniuliza. "Kuna kombe jengine?"

Nilitamani kumpiga.

Mama akala mawili, ili asimvunje moyo. "Matamu," akasema.

Mwalimu nilimpata kesho yake, akaandika. Mama alikuwa hamezi tena. Nilimlowesha midomo kwa pamba, zafarani ikamchuruzika kidevuni, ikaingia kwenye shuka. Alifariki na kombe lake limo kikombeni, karibu lote.

Matangani watu walimsifu ndugu yangu, mtoto aliyemzamia mama yake bahari. Alilia sana. Sifa alistahiki, hilo nakubali, na bado sijamsamehe. Yale magamba aliyaosha, akayapanga kwenye kabati la kioo sebuleni, na yapo.

Juzi nilikwenda kuwaona. Nikamuuliza binti yake mdogo, kwa Kiswahili, kombe ni nini. Alikimbia kabatini, akaniletea gamba, amefurahi kwamba neno analijua.

"Hili, ami."

Nikamwambia ndilo.